Mstari Nyuma ya Kigoda

Fadhul Kamis alimchukua mtoto wa Sitti siku ya arobaini ya marehemu mumewe, na aliichagua siku hiyo makusudi. Mjane wa Kinubi akiwa katika eda hatoki nje ovyo. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, amejitanda nguo isiyo na mapambo, na wageni wanamfuata yeye, si yeye anayewafuata. Fadhul alikula pilau ya kisomo cha kaka yake, akanawa mikono, akamshika mtoto, Shamim, mkono. Kisha akasema na mama wa mtoto aliyekuwa ameketi mkekani nyuma ya pazia:

"Shemeji, mtoto ni wa ukoo. Ukimaliza eda yako tutazungumza."

Akampakia garini. Sitti alikimbia hadi kizingitini, na kizingiti kikamzuia kama mto uliofurika. Alisikia mtoto akiita, akasikia mlango wa gari ukifungwa, basi. Huo ndio ubaya wenyewe. Haukufanywa kwa hasira, wala kwa ulevi. Ulifanywa na mtu mwenye akili timamu, aliyejua kwamba anayemdhulumu hana ruhusa ya kumkimbilia.

Sitti alizaliwa Bombo, kwa watu ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani na bunduki za Waingereza. Shule hakuiona ndani. Alifundishwa kupika gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na kusuka tabaga, vile vifuniko vya ukindu vya rangi rangi vinavyofunika chakula cha wageni. Aliolewa na Muhamadi, dereva wa lori la Malaba, mtu mpole aliyekuwa akicheka kabla hujamaliza kusema. Walipanga nyumba nyuma ya soko la Nakawa. Vita vilipokwisha na serikali mpya ikaingia, Wanubi walitembea wakitazama chini, maana sokoni ulikuwa ukifungua mdomo tu mtu anakuuliza, "Ninyi si wa jeshi la zamani?" Sitti hakuwahi kushika hata panga. Lakini nani angekusikiliza siku zile?

Aliyemsikiliza alikuwa mwanamke mmoja Mkenya, Nabwire, aliyekuwa akiuza mukene, wale dagaa ambao kwao wanawaita omena. Alisogeza magunia yake, akasema, "Weka tabaga zako hapa. Harufu ya samaki haitaingia kwenye ukindu, na ikiingia, wateja watadhani ni chakula." Ndivyo walivyojuana. Kwa kitendo kile peke yake Sitti angeshukuru hadi kaburini, na bado yalikuwa hayajaanza yale makubwa.

Huyo Nabwire anahitaji kuelezwa kidogo. Alitoka upande wa Busia. Mumewe alipokufa, shemeji zake walitaka arithiwe, kama ilivyo desturi, na wakamchagulia kabisa wa kumrithi. Nabwire akafungua Biblia, akasema kanisa lake limekataa. Wakamfanyia kikao. Wakasema mwanamke huyu ameharibika, amekuwa wa kizungu, anataka kupindua dunia. Akafunga mzigo wake akavuka mpaka. Alipofika Kampala na Biblia ileile, vijana wa kanisa lake la Nakawa walimpa jina la Mama Agano la Kale, kwa sababu hakukosa Jumapili ya kugombeza binti aliyevaa sketi fupi. Kwao alifukuzwa kwa kuwa wa kisasa mno. Hapa alichekwa kwa kuwa wa zamani mno. Na Nabwire ni yuleyule, kitabu ni kilekile, hata kitambaa cha kichwa ni kilekile alichovuka nacho.

"Mimi sijasogea," alikuwa akisema. "Ni watu wanaonitazama ndio wanaobadilika."

Na Fadhul je? Huyo naye alikuwa na nyuso zake. Katika mtaa wa starehe wa Kabalagala alikuwa na baa, ingawa jina la kwenye leseni lilikuwa la mtu mwingine. Huko walimwita mtu mwenye mawazo mapana. Alikaa na Wakristo na wasio na dini, akanunulia meza nzima, akacheka mambo ya wazee wa Bombo na kanzu zao. Serikali mpya ilipoleta kamati za mitaa, zile ambazo kila mtu aliziita RC, na ikaagiza kila kamati iwe na kiti cha mwanamke, Fadhul alisimama kwenye mkutano akasema wanawake wamekandamizwa vya kutosha. Watu walimpigia makofi. Sitti mwenyewe alipiga makofi. Lakini akivuka uzio wa nyumba ya mama yake, alikuwa mlinzi wa mila kuliko waliomtangulia wote. Mtoto ni wa ukoo. Mjane hasemi. Nani kamfundisha Sitti kuuza sokoni? Mkewe mdogo alikuwa na watoto mapacha kule Kabalagala, na kwa mila hiyo hiyo tukufu, Shamim, mtoto wa miaka tisa, alipelekwa kuwa yaya.

Hilo Sitti alilijua kwa Nabwire. Nabwire alikwenda Kabalagala kujifanya anauza samaki, akamwona Shamim nyuma ya baa amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine analia chini. Alirudi, akavua viatu, akaketi mkekani mbele ya Sitti, akawa anang'oa nyuzi za mkeka.

"Sema tu," Sitti akamwambia.

"Anaosha glasi za bia, mama Shamim."

Sitti alilia hadi pazia likalowa. Kisha akauliza, "Nitatokaje?"

"Utatoka na mimi," Nabwire akasema. "Mchana, umejifunika, na kabla jua halijatua uko mkekani pako. Nimemuuliza yule shehe wenu wa msikiti wa chini. Amesema dharura ni dharura."

"Wewe, Mkristo, umekwenda kumuuliza shehe?"

"Nimesimama nje ya geti nikapiga kelele. Alitoka mwenyewe ili ninyamaze."

Ilikuwa mara ya kwanza Sitti kucheka tangu msiba.

Walikwenda Wandegeya. Karibu na chuo kikuu, juu ya duka la kuchapisha, palikuwa na chama cha wanawake kilichokuwa kikisaidia wajane. Aliyewapokea alikuwa msichana wa Kikenya, Vera, aliyesoma hapo chuoni akabaki. Nywele zake zilikatwa fupi kama za mwanamume, suruali imembana, lakini alipiga goti kidogo kuwasalimia, na Sitti akaona huyu amelelewa. Alisikiliza habari yote bila kukata maneno. Mwisho akasema:

"Mama, tutakusaidia. Tutaita watu, utasimama mbele yao useme jinsi mila ilivyokufunga. Hiyo eda ndiyo iliyokuzuia usimfuate mtoto. Useme hivyo, na uache kuikaa. Tuanzie hapo."

"Binti yangu," Sitti akasema, "eda haikumchukua mtoto. Fadhul ndiye aliyemchukua."

"Lakini aliitumia."

"Mwizi akipitia mlangoni kwako, utauchoma mlango?"

Vera akatabasamu kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mama, usiudhike. Wewe ni mhafidhina sana."

"Mhafidhina ndiye nani?"

"Ni mtu anayetaka mambo yabaki kama yalivyokuwa."

"Ndiyo," Sitti akasema. "Mume wangu namlilia kama mama yangu alivyomlilia wake. Na mtoto wangu nataka alale kwangu kama alivyokuwa akilala. Hayo mawili sitaki yabadilike. Kama ni hayo, mimi ndiye."

Nabwire, aliyekuwa amekaa mlangoni na kapu lake, akaingilia. "Wewe Vera, kwenu ni wapi?"

"Vihiga, mama."

"Ukienda nyumbani na suruali hiyo, mzee wako anakuitaje?"

Vera akacheka, akainamisha macho. "Anasema Kampala imemla mtoto wake."

"Na hapa ofisini, hao wakubwa zako wa kutoka ng'ambo wanakuitaje, ukipiga goti kusalimia?"

Vera akaweka kalamu chini. Neno alilipokea. Kuna wasomi ambao ukiwaambia neno wanalitupa chini walikague kwanza limevaa nini. Huyu alilipokea kwa mikono miwili. Waliagana bila kuelewana, naye akawasindikiza hadi barabarani, na hilo nalo Sitti hajalisahau.

Kurudi Nakawa ndipo balaa lilipoanza. Kwenye bomba la maji, wanawake wa Kinubi walinyamaza alipopita, kisha mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wandegeya amerudi." Likawa jina lake. Mjane mwenye eda anazunguka na Mkenya, anakwenda kwa wanawake wa suruali! Walisema ametekwa na mambo mapya, anataka haki, anataka uhuru, kesho atavua shela. Asubuhi ile ile aliambiwa amezidi kushika mambo ya kale, na jioni akaambiwa ameyatupa. Na katikati ya hapo alichofanya ni kupanda gari na kurudi.

Ukiwa sokoni Nakawa, kilima cha Naguru kiko juu, unainua shingo kukitazama. Panda kilima cha Kololo uone: Naguru iko chini yako, unaiangalia kama sahani. Naguru yenyewe haina habari. Sitti aliyafikiria hayo mkekani, vidole vikisuka tabaga bila kutazama, na akaona watu wanaotoa majina wanasema zaidi mahali waliposimama kuliko yule wanayempa jina.

Mkali kuliko wote alikuwa mama mkwe, Rukiah. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwa Sitti. Huyu mama hakuwahi kumsamehe Sitti kwa kuuza sokoni. Alikuwa akimwita "mwanamke wa kisasa" kama mtu anavyotaja ugonjwa. Sasa alinyamaza kabisa. Kila asubuhi alituma uji wa mjane, kama inavyopasa, bakuli limefunikwa vizuri, wala neno. Sitti alikunywa uji ule akijua kwamba bila neno la Rukiah hakuna Mnubi wa mtaa ule atakayemsemea. Na bila Wanubi, Shamim hatarudi. Mtoto angekulia nyuma ya baa, na eda ikiisha Fadhul angetafuta sababu nyingine.

Vera hakukaa kimya. Siku moja alikuja kwa miguu hadi kwa mwenyekiti wa RC, Oketch, Mjapadhola mzee aliyefanya kazi reli, mwenye sauti ya filimbi ya treni. Alimwambia kamati ina uwezo wa kusikiliza kesi ya namna hii, tena hadharani. Oketch hakupenda kufundishwa na msichana.

"Nyabo, bibie, mimi nimekaa na watu hawa tangu hujazaliwa. Kesi nitasikiliza. Lakini mjane yuko eda, nitamwitaje barazani?"

Vera akafikiri. Yule yule aliyetaka eda ivunjwe akasema, "Basi baraza limfuate."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili baada ya adhuhuri, kamati nzima ilihamia uani kwa Sitti. Viti vilitolewa, majirani wakajaa hadi kwenye uzio, na yeye akaketi ndani kidogo ya mlango, pazia limeshushwa nusu. Dunia nzima imesikia serikali ikiita watu; Sitti ameiona serikali ikimjia mjane mlangoni na kuvua viatu. Hata leo, mtu akiitukana RC mbele yake, hamwachi amalize.

Fadhul alikuja na gari na vijana wake wa Kabalagala, miwani nyeusi, manukato. Aliongea vizuri, maana kuongea anakujua. Alisema yeye ni mtu wa maendeleo, kila mtu anamjua, lakini mila ya watu iheshimiwe. Alisema kaka yake alimwachia mtoto. Kisha, alipoona watu hawaitikii sana, akasema lile neno.

"Na huyu mama mnayemhurumia, akiwa na eda ya kaka yangu, ameonekana Kabalagala. Kwenye baa. Jioni. Sitasema alikuwa na nani."

Ua mzima ukapumua kwa pamoja. Sitti alitikisa kichwa nyuma ya pazia. Wandegeya alikwenda. Kabalagala hajawahi kukanyaga maishani mwake.

"Mwongo!" Nabwire akapaza sauti. "Kabalagala nilikwenda mimi! Na nilimwona mtoto wa kaka yako anaosha glasi zako!"

"Mkenya anyamaze, hii si Busia," kijana mmoja akadakia.

"Kelele!" Oketch akapiga meza. Kamati ikanong'onezana. Wengine walisema mtoto ni wa mama, wengine walisema mambo ya ukoo wasiyaguse. Waligawanyika nusu kwa nusu. Oketch akavua kofia, akajikuna.

Ni lazima ieleweke miaka ile watu walivyokuwa. Walikuwa wamejifunza kupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wamtakaye, bila karatasi wala sanduku, kila mtu anaona kila mtu. Waliipenda njia ile, na walipoijua wakaitumia kwa kila jambo. Taka zitupwe wapi, wakapanga mstari. Bomba lifunguliwe saa ngapi, wakapanga mstari. Basi ni Fadhul mwenyewe aliyesema:

"Mwenyekiti, kwa nini tusumbuke? Hii ni demokrasia. Tupange mstari."

Hakuna mahali popote ambapo mtoto amewahi kupangiwa mstari. Vera, aliyekuwa kando, alishika kichwa. Lakini Oketch alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Haya basi. Wa Fadhul wasimame nyuma ya Fadhul. Wa mama wasimame nyuma ya mama."

"Mjane hawezi kusimamiwa na mstari wa wanaume," mzee mmoja wa Kinubi akasema.

"Nitasimama mimi badala yake," Nabwire akasema, na akasimama katikati ya ua na kitambaa chake cha kichwa.

"Mkenya hasimamiwi na raia!" Fadhul akacheka. "Mwenyekiti, sheria!"

Oketch akakubali kwa uchungu. Nabwire akatazama huku na huku, akaingia jikoni kwa Sitti, akatoka na kigoda cha kupikia, cheusi kwa moshi, akakiweka palepale alipokuwa amesimama.

"Hiki si Mkenya," akasema. "Kimezaliwa Bombo."

Watu wakacheka, hata wa upande wa pili. Na mstari ukaanza.

Vijana wa Kabalagala walikuwa wa kwanza nyuma ya Fadhul. Oketch akawaendea mmoja mmoja. "Wewe unakaa mtaa huu? Wewe? Hapana? Rudini kwenu mkapange mstari nyuma ya chupa." Fadhul alikuwa amesahau kwamba mstari ni wa wenyeji peke yao. Alijua demokrasia ya kununuliana vinywaji; hii ya uani ilimponyoka. Lakini bado alikuwa na watu. Huzaifa alikwenda kwake, yule fundi cherehani kijana aliyekuwa akihubiri usawa wa wanawake kila jioni dukani. Fadhul alikuwa amemwahidi chumba cha biashara. Alisimama akitazama viatu vyake.

Nyuma ya kigoda walisimama wauza ndizi wawili, muuza mkaa, na mwalimu mmoja wa Kiganda. Wanubi walikuwa bado ukutani. Wanaume wa kanzu na wanawake wa shela walikuwa wakimtazama Rukiah. Na Rukiah ameketi kitini, fimbo magotini, anamtazama mwanawe.

Sitti alishika pazia. Aliona mstari wa Fadhul umefika kwenye kioski cha nje ya uzio. Wake ulikuwa mfupi kama sentensi ya bubu. Alianza kuomba, si kwa maneno.

Rukiah akainuka. Ilimchukua muda, maana goti lilikuwa bovu na hakutaka kushikwa. Alitembea hadi mbele ya Fadhul, na Fadhul akatoa mkono ampokee.

"Mama, njoo hapa, simama kwenye kivuli."

"Baba yako alipokufa wewe ulikuwa unanyonya," Rukiah akasema. Hakupaza sauti, lakini ua ulikuwa kimya. "Ami zako walikuja. Wazee wakawaambia, mtoto haondolewi kwa mama aliye ndani ya eda, ni haramu na ni aibu. Wakaondoka. Ndiyo maana wewe ni mwanangu. Eda ni stara ya mjane, Fadhul. Umeifanya kufuli la mwizi."

Akageuka, akaenda akasimama nyuma ya kigoda, mkono kwenye fimbo.

Basi Wanubi wakaja. Walikuja wazee wasiopenda kusikia neno haki za wanawake, wale waliosema kiti cha mwanamke katika kamati ni mzaha wa serikali. Walikuja wanawake wa bombani waliompa jina la Wandegeya. Walisimama nyuma ya kigoda cha jikoni, mmoja baada ya mwingine, kanzu na shela, hadi mstari ukatoka getini ukakunja kona. Hawakuja kwa ajili ya mambo mapya. Walikuja kwa ajili ya la kale kabisa. Na Vera alikuwa akilia kando ya uzio, yeye aliyedhani la kale ndilo adui.

Oketch hakuhesabu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavaa kofia. "Fadhul, lete mtoto. Leo. Jua halijatua."

Shamim aliletwa mikono imekauka kwa sabuni. Aliingia chini ya pazia bila kusema, akajilaza mkekani ubavuni kwa mama yake, akauliza kama kuna gurusa. Zilikuwepo. Rukiah alikuwa amezipika tangu asubuhi, kabla ya mkutano, kabla ya mtu yeyote kujua atasimama wapi.

Sitti aliimaliza eda yake siku kwa siku. Kisha akarudi sokoni, karibu na magunia ya mukene. Miaka imepita, na majina hayajaisha. Vera alipanda cheo, na inasemekana huko kwenye mikutano yake anasimulia habari za mjane wa Nakawa aliyevunja minyororo ya mila. Sitti aliposikia alisema, "Minyororo gani? Alinisimamia, Mungu ampe, lakini aseme vizuri." Wanawake wa bombani wanasema Sitti ni wa kisasa, kwa kuwa Shamim alisoma hadi sekondari. Shamim anasema mama yake ni wa zamani sana, kwa kuwa anamkataza madansi ya usiku. Nabwire anasema hata yeye Agano la Kale ana nafuu. Sitti huwasikiliza wote, anaendelea kusuka.

Ana watu wa kuwashukuru, na huwataja kila dua. Nabwire, ambaye alimtolea kigoda. Oketch, aliyezikwa kwao Tororo, na Sitti alikwenda kumzika. Shehe wa msikiti wa chini. Rukiah, ambaye hakuwahi kumwambia neno tamu hata siku ya kufa, lakini alimwachia kitu kikubwa kuliko neno tamu. Hata muuza mkaa, ambaye hakumjua jina. Ukiwapanga hao wote, utakosa neno moja la kuwaita. Hakuna upande wanaouchangia isipokuwa ule mstari.

Lakini shukrani haifuti deni la mwingine. Fadhul alisema mbele ya watu wa mtaa kwamba mjane wa kaka yake alionekana Kabalagala akiwa na eda. Mtoto alimrudisha, neno hakulirudisha. Wapo wanaolikumbuka bado, na mmoja alilitaja hata kwenye posa ya Shamim. Fadhul sasa ni haji, ndevu nyeupe, baa ameiuza, na vijana wanamwita mzee wa mila. Yuko hai na ana nguvu. Anadaiwa aje uani kwa Sitti, mchana, majirani wakiwepo, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alidanganya. Wala hadaiwi na Sitti tu. Anadaiwa na Muhamadi pia, ambaye heshima ya kitanda chake ilitupwa uani na ndugu yake wa damu, naye yuko chini hawezi kujisemea.